MAISHA MEMA NI YEPI? IMAMU GHAZALI NA SISI TULIO UGHAIBUNI



Liko swali moja linalozunguka katika mabaraza yetu miaka nenda miaka rudi, nalo huzuka zaidi baada ya maziko. Watu wakisharudi makaburini, wakakaa kunywa chai, huulizana kwa sauti ya chini: marehemu alifika nchi hii angali kijana, akafanya kazi miaka thelathini, akajenga kwao nyumba ambayo hakupata kulala humo hata mwezi mzima, je, aliishi vizuri? Hakuna apendaye kujibu. Mmoja husema kuwa alisomesha wadogo zake wote, na hilo ni kweli wala si dogo. Mwingine husema kuwa wanawe walishindwa hata kuzungumza na bibi yao kwa simu siku ya msiba, kwani yeye hajui Kiingereza nao hawajui Kiswahili. Kisha mazungumzo hugeuzwa, ikaulizwa bei ya tikiti.

Mwezi huu tumeona tusiyageuze. Swali hili ni kongwe kuliko safari zetu, na mmoja katika waliolikabili uso kwa uso hakuwa mtu wa dhiki wala mgeni asiye na karatasi. Alikuwa na cheo, mshahara, wanafunzi mamia, na milango ya wakubwa ilikuwa wazi kwake. Huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jina lake si geni kwetu. Waliosoma chuoni Lamu, Mombasa, Unguja au Ngazija wamelisikia tangu utotoni, hata kama hawakupata kukifungua kitabu chake kikubwa, Ihyaa Ulumid-Din. Masharifu wa Hadhramaut, ambao elimu yao ilishika mizizi pwani yetu, walikithamini kitabu hicho mno, wakakisomesha kizazi baada ya kizazi. Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim (1634–1720), ambaye Ratibu yake ingali ikisomwa katika misikiti mingi ya pwani na katika baadhi ya nyumba zetu huku, ni mmoja wa waliokunywa kutoka chemchemi hiyo. Kwa hivyo tunapomtaja Ghazali hatuleti mtu wa mbali. Tunamwita mzee aliyekuwa nyumbani siku zote, ila hatukumwamkia.

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, karibu na Mashhad ya leo huko Iran. Wanahistoria wameeleza kuwa baba yake alikuwa fundi wa kusokota sufi, fukara, apendaye kukaa katika vikao vya wanavyuoni na kuomba Mungu ampe mtoto atakayekuwa mmoja wao. Alipoona mauti yamekaribia aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mcha Mungu, pamoja na akiba ndogo, akamuusia awasomeshe mpaka itakapokwisha. Ikesha. Yule rafiki naye hakuwa na kitu, akawashauri wale watoto waende madrasa, kwani huko mwanafunzi hupata posho ya chakula. Ghazali ukubwani hakulionea haya jambo hili. Alikuwa akikiri kwamba waliingia katika elimu kwa ajili ya riziki, lakini elimu yenyewe ikakataa kuwa ya riziki tu. Wangapi kati yetu walipanda ndege kwa sababu hiyo hiyo ya chakula? Hakuna aibu katika mwanzo wa namna hiyo. La kuangalia ni safari ilivyoendelea.

Kipo pia kisa cha wanyang'anyi, nacho twakipenda kwa kuwa kinachekesha na kuuma kwa pamoja. Akirejea kutoka Jurjan alikokwenda kusoma, msafara wao ulivamiwa na kila kitu kikachukuliwa. Ghazali akawafuata wezi wale akiwasihi wamrudishie mkoba mmoja tu, wenye karatasi alizoandika masomo yake. Wao hazitawafaa kitu. Mkubwa wao akacheka, akamuuliza ni elimu gani hiyo aliyo nayo, ambayo mwizi akiichukua yeye hubaki hana kitu. Akarudishiwa karatasi zake. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akizihifadhi zote moyoni. Sisi tulio huku tuna mikoba mingi ya namna hiyo. Vyeti, pasi za kusafiria, hati za nyumba, akaunti za benki. Mkubwa wa wezi angetuuliza swali lile lile.

KILELENI

Baada ya hapo alikwenda Nishapur, akawa mwanafunzi wa Imamul-Haramayn al-Juwayni mpaka alipofariki mwalimu wake mwaka 1085. Waziri mkubwa wa dola ya Maseljuki, Nizam al-Mulk, akamwita katika kambi yake, na mwaka 1091 akampa kiti cha ualimu katika Madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad. Ghazali alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Baghdad ndiyo iliyokuwa kiti cha ukhalifa, na hapakuwa na kiti cha elimu kilichotajwa kwa heshima zaidi ya kile. Yeye mwenyewe ametaja kuwa alikuwa akiwasomesha wanafunzi mia tatu. Mtoto wa msokota sufi amefika.

Mwaka uliofuata, 1092, Nizam al-Mulk aliuawa, na baada ya muda mfupi Sultan Malik Shah naye akafa. Ghazali aliona kwa macho yake jinsi jengo lililodhaniwa ni la milele linavyoweza kupata ufa kwa siku chache. Lakini tusiharakishe kusema kuwa hilo tu ndilo lililomtikisa. Katika kitabu chake cha Al-Munqidh, alichokiandika miaka mingi baadaye, anaeleza kuwa aliitazama kazi yake, hata ile iliyo njema kuliko zote, yaani kusomesha, akaikuta nia yake si safi: msukumo wake ulikuwa ni kutafuta sifa na jina. Akaona amesimama ukingoni. Asubuhi huazimia kuondoka Baghdad, jioni matamanio yakamshambulia na kulivunja azimio. Hali hii ilimwendea kwa muda wa karibu miezi sita, tangu mwezi wa Rajabu mwaka 488, yaani 1095. Mwisho ulimi wake ukafungika. Alikuwa akikaa mbele ya wanafunzi, akitaka kusema neno moja tu la kuwaridhisha, asiweze. Kisha akashindwa kula. Hata tonge moja haikupita. Matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi haya yameanzia moyoni na hayatibiki mpaka moyo wenyewe upumzike.

Tumekaa sana juu ya habari hii kwa sababu tunawajua watu waliofungika ulimi. Si wanavyuoni, ni baba na mama wa mji huu. Anarudi kutoka zamu ya usiku, anakaa mezani na wanawe, hana la kuwaambia. Daktari humpa vidonge vya usingizi, jamaa husema ni hasadi au jini, na yeye mwenyewe husema ni uchovu. Huenda ni uchovu, na vidonge vina mahali pake, wala hatumshauri mtu aache dawa aliyoandikiwa. Lakini mwanachuoni mkubwa wa zama zake, mwenye nguvu na umri wa ujana, alipooza ulimi kwa kuwa aliyokuwa akiyafanya mchana kutwa hayakufanana na aliyoyaamini. Jambo hilo nalo liwekwe mezani pamoja na vidonge.

ALIVYOONDOKA, NA ALIVYORUDI

Mwezi wa Novemba 1095 alitoka Baghdad. Aliwaambia watu anakwenda Makka, ilhali nia yake ilikuwa Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasimzuie. Alikaa Damascus, akijifungia katika mnara wa msikiti mkubwa wa Bani Umayya, akaenda Baitul-Muqaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, katika mji wa Khalil, akaenda kuhiji na kumzuru Mtume wetu (S.A.W.). Hapo kwenye kaburi la Nabii Ibrahim alijiwekea ahadi tatu: asipokee tena fedha ya sultani, asihudhurie kwa sultani, wala asiingie katika mabishano ya kutafuta ushindi. Tumesoma orodha nyingi za watu wakubwa juu ya namna ya kuishi vizuri, na hii ni fupi kuliko zote. Zote tatu ni za kuacha, hakuna hata moja ya kupata.

Sasa hapa pana kosa ambalo wasimulizi wengi hulifanya. Husimulia kana kwamba Ghazali alitupa kila kitu akaenda zake, na wako watu wavivu waliotumia kisa hiki kuwatelekeza wake na watoto kwa jina la ucha Mungu. Sivyo ilivyokuwa. Ameandika mwenyewe kuwa aligawa mali yake, ila alibakisha kiasi cha kumtosha yeye na kiasi cha chakula cha watoto, na akaeleza kwa hoja ya kifikihi kwa nini mali ya Iraq, iliyowekwa wakfu kwa maslahi ya Waislamu, ni halali kwa mwanachuoni kuwalishia aila yake. Mtu aliyekuwa hawezi kumeza tonge alikumbuka kupiga hesabu ya posho ya watoto wake.

Na kilichomrudisha? Hakurudishwa na sultani wala na wanafunzi. Anasema kuwa miito ya watoto wake ilimvuta arejee kwao, baada ya kuwa alijiona mtu wa mwisho kufikiri kurudi. Kwa watu wa ughaibuni, twaona sentensi hiyo moja inastahili kusomwa polepole. Mtu yuko katika ibada, Baitul-Muqaddas na Makka, mahali ambapo kila mmoja wetu angetamani kufia, na sauti za watoto zinamfikia na anazitii. Kwa hivyo utafutaji wake wa maisha mema haukuishia katika mnara wa Damascus. Ulimpeleka Tus, nyumbani.

Kulikuwa na miaka kumi na moja hivi kati ya kuacha ualimu Baghdad na kuurejea Nishapur mwaka 1106, alipoombwa na Fakhr al-Mulk, mwana wa yule waziri wa zamani. Katika kipindi hicho ndipo ilipoandikwa Ihyaa: vitabu arubaini katika robo nne, ya ibada, ya mazoea ya kila siku, ya mambo yanayoangamiza na ya mambo yanayookoa. Haikupokewa na wote. Mwaka 1109, angali hai, ilichomwa moto Cordoba kwa amri ya watawala wa Kimurabituni. Baadaye wanavyuoni wa Hadithi, akiwamo Ibn al-Jawzi, waliilaumu kwa Hadithi dhaifu zilizomo, na al-Hafidh Zaynuddin al-Iraqi akafanya kazi kubwa ya kuzichambua moja moja. Lawama hizo zina haki yake, na vijana wetu wanaozitaja hawakuzizua. Msomaji apate nakala yenye uchambuzi wa al-Iraqi chini ya ukurasa, naye atakuwa salama.

MERI NA KISIWA

Katika sehemu ya kuilaumu dunia upo mfano ambao sisi watu wa pwani tunauelewa bila ya sherehe. Abiria wamo chomboni. Chombo kinatia nanga kwenye kisiwa, nahodha anawaruhusu washuke kwa haja zao na kuwaonya wasichelewe. Wako wanaomaliza haja wakarudi mara moja, wakapata mahali papana pa kukaa. Wako wanaosimama kuangalia maua na kusikiliza ndege, wakarudi wakakuta nafasi imekuwa finyu. Wako waliookota mawe ya rangi na maua, nao hawakuweza kuyaacha. Wakarudi wakakosa hata pa kuweka miguu, wakayabeba kichwani njia nzima, mpaka maua yakaoza na kunuka, wasijue pa kuyatupa. Na wako waliozama msituni hata wakasahau kuwa walikuja kwa meri. Sauti ya nahodha haikuwafikia.

Ughaibuni ni kisiwa ndani ya kisiwa. Wengi wetu tulishuka kwa haja: kumaliza masomo, kulipa deni la baba, kutafuta mtaji wa duka, au kukimbia fitina za siasa mpaka zipoe. Haja ilitajwa kwa jina siku ya kuagana. Muulize leo mtu haja yake ilikuwa nini, na ilimalizika mwaka gani. Wengine haja ilikwisha zamani, lakini tayari wamebeba mawe. Si kila jiwe ni anasa, bila shaka. Mkopo wa nyumba ni jiwe, na mtu hawezi kuuweka chini barabarani akaondoka.

Upo mfano wa pili, wa haji na ngamia wake. Haji anamlisha ngamia, anamnywesha, anamsafisha, anamtandikia matandiko ya rangi, anamtafutia majani ya kila namna, mpaka msafara unamwacha jangwani, yeye na ngamia aliyenona. Ghazali hasemi ngamia asilishwe. Ngamia asipolishwa hakuna atakayefika Makka. Anasema mtu ajue yupi ndiye anayekwenda kuhiji.

SOKONI

Tulipokuwa tukiandaa makala hii, wasomaji wawili watatu walituuliza kama tunataka kuwaambia watu waache kazi. Hasha. Robo ya pili ya Ihyaa ina kitabu kizima juu ya adabu za kuchuma, na humo Ghazali anasema jambo ambalo twatamani libandikwe ukutani kwa kila anayedharau kazi yake. Anasema kazi na biashara ni katika faradhi za kutoshelezana: zikiachwa zote, maisha ya watu yangesimama na viumbe wangeangamia. Kwa hivyo mtu anayetoka alfajiri akitia nia ya kutekeleza sehemu yake ya faradhi hiyo, na kuwakinga watu wake wasiombe, amo katika ibada. Hivyo basi yule ndugu anayeendesha basi la kwanza la asubuhi, na yule dada anayewaosha wazee wasio jamaa zake na kuwabadilisha nguo, hawakosi cheo mbele ya Mola wao. Wanakosa pengine nia tu, na nia haikatwi kodi.

Kisha anaweka mpaka. Soko la dunia lisimzuie mtu na masoko ya akhera, yaani misikiti. Na asiwe na pupa hata akawa wa kwanza kuingia sokoni na wa mwisho kutoka. Mpaka huu ndio uliotushinda. Zamu ya ziada haikatai mtu. Huita kila juma. Lakini mwenye kusoma sira atakumbuka kuwa Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina mikono mitupu, na Saad bin Rabii akamtolea nusu ya mali yake, alimwombea baraka na kumuuliza soko liko wapi. Akaanza na jibini na samli. Mhamiaji huyu alitajirika, na utajiri wake haukumfunga ulimi.

Na katika kitabu cha ndoa, robo hiyo hiyo, Ghazali ananakili habari ya Abdullah bin al-Mubarak alipokuwa na wenzake vitani. Aliwauliza kama wanaijua amali iliyo bora kuliko hiyo waliyo nayo. Wakasema hawaijui. Akawaambia ni ya mtu mwenye aila, anayejistahi, anayeamka usiku akawaona wanawe wamelala wamefunukwa, akawafunika kwa nguo yake. Ni haki tuseme pia kwamba kitabu hicho cha ndoa kina maneno juu ya wanawake ambayo ni ya zama zake, na hatudhani kuwa mama zetu watayapokea, wala hatuwaombi wayapokee. Lakini hii ya shuka na mtoto wataijua kuliko sisi wanaume, kwani ndio waifanyao kila usiku wa baridi, bila ya kuandikwa kitabuni.

Watafiti wa zama zetu wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1938 huko Boston, Marekani, ulianza uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard juu ya maisha ya watu wazima, nao ukawafuata wanaume 724 kwa miongo mingi: 268 waliokuwa wanafunzi wa chuo hicho, na 456 vijana wa mitaa ya kimaskini ya mji. Kitabu cha matokeo yake kilitolewa mwaka 2023 na mkurugenzi wake wa nne, Robert Waldinger, pamoja na Marc Schulz. Lililojitokeza ni kuwa waliozeeka wakiwa na afya na furaha hawakutambulikana kwa fedha wala kwa umaarufu, bali kwa ubora wa mahusiano yao na watu wao. Wale wote walikuwa wanaume Wazungu wa mji mmoja, kwa hivyo tusiufanye kuwa wahyi. Hata hivyo unamstahi mzee wa Tus.

HESABU YA JIONI

Kitabu cha thelathini na nane cha Ihyaa kinamfanya mtu na nafsi yake kuwa washirika wa biashara. Asubuhi tajiri huweka masharti na mshirika wake anayemkabidhi mtaji, mchana humwangalia, jioni hukaa naye chini akapiga hesabu ya faida na hasara, na mshirika aliyekhini huadhibiwa. Mtaji wenyewe ni umri. Wenye maduka kati yetu hawahitaji kufafanuliwa: hakuna afungaye duka bila ya kuhesabu droo, lakini siku ya umri wetu twaifunga bila ya kuangalia kilichomo.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye kazi mbili. Juma lina saa 168. Tuseme anafanya kazi saa 60, anasafiri saa 10, analala saa 7 kila usiku, ambazo ni 49. Zimebaki saa 49. Sala tano, tukizipa dakika kumi kumi, hazifiki saa 6. Basi zimebaki kama saa 43, nazo ni nyingi kuliko juma zima la kazi la waajiriwa wengi wa nchi hii. Zimekwenda wapi? Hatuulizi kwa kukejeli. Chakula kimo humo, na maradhi, na foleni, na kusaidia jamaa waliofika jana. Simu ya mkononi imo pia, na kila mmoja anajua sehemu yake. Mwenye kuandika kwa siku saba, usiku kabla ya kulala, mstari mmoja tu wa mahali saa zilipokwenda, ataona mwenyewe kama mwanawe ametajwa mle.

Sisi tunalitilia mkazo jambo la lugha, na wasomaji wametuchoka kwa hilo. Mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake amekatiwa urithi ambao hauhitaji wakili. Mwana Kupona wa Siu, alipokuwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na baada ya muda si mrefu akafariki. Yapo humo mashauri ambayo mabinti wa leo watayabishia, na wabishe. Lakini binti wa wakati ule alipewa na mama yake kitu ambacho alikielewa neno kwa neno. Vivyo hivyo Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja 1912, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968, akafariki Muscat 1982. Naye alihama, kama sisi. Tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, iliyotoka 1969, imo katika nyumba zetu nyingi. Je, ndani ya nyumba hizo kuna mtoto atakayeweza kuisoma?

Kuhusu kurudi au kutorudi nyumbani, ambalo ndilo swali tuletewalo zaidi, hatuna fatwa. Ghazali alipoandika juu ya kujitenga na watu na kuchanganyika nao, alipima faida za kila upande kurasa kwa kurasa, kisha akasema hukumu hutofautiana kwa watu na hali. Tunawajua waliorudi wakafungua kisima na chuo, na waliorudi wakakaa barazani kusimulia ughaibuni mpaka watu wakawakimbia. Mwenye wazee walio hai ana hoja nzito kuliko mwenye kiwanja.

Yeye mwenyewe alimaliza Tus. Baada ya kusomesha kwa muda Nishapur alirudi kwao, akajenga ubavuni mwa nyumba yake madrasa ya wanafunzi na mahali pa watu wa ibada, akazigawa saa zake baina ya kuhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa moyo, na kusomesha. Miaka ya mwisho alijishughulisha na Hadithi, akizisoma Bukhari na Muslim, mwanachuoni mkubwa kiasi hicho akikaa kama mwanafunzi. Alifariki mwezi wa Jumada ya pili mwaka 505, yaani Desemba 1111, akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu. Ndugu yake Ahmad, yule waliyekwenda naye madrasa kutafuta chakula, amesimulia kuwa asubuhi ya Jumatatu alitawadha, akasali, akataka sanda yake, akaibusu, akaiweka juu ya macho yake, akanyoosha miguu kuelekea kibla.

Abdul-Ghafir al-Farisi, aliyeishi zama zake na kumjua, ameandika kuwa hakuacha ila mabinti, na kwamba alikuwa na kiasi kilichotokana na urithi na kazi yake, kinachowatosha yeye na watu wake. Alikuwa akiletewa mali, asiipokee.